Nusu ya Pili ya Mafundisho

Swali lililoninyima usingizi kabla ya siku yangu ya kwanza kazini lilikuwa fupi: mtu atafundishaje jambo ambalo yeye mwenyewe hajalifanya wala hajafundishwa? Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo cha uuguzi na ukunga, na sijaolewa. Nyumbani Mbinga mama yangu hakuwahi kuniambia neno kuhusu mwili wangu. Siku nilipovunja ungo alinipa kitambaa, akaenda kuchuma kahawa. Niliyoyajua yote niliyapata kwenye madaftari, na alama zangu zilikuwa nzuri. Sasa nilikuwa nimepangiwa zahanati ya kando ya ziwa, kusini mwa Ilagala, mkoani Kigoma, kuwafundisha uzazi wa mpango wanawake wenye umri wa mama yangu na wa bibi yangu. Nililala chali hadi alfajiri, nikiipanga salamu.

Salamu yenyewe niliipanga bure. Asubuhi nilikuta wanawake wa Kiha wakisalimiana kwa kupiga makofi taratibu, wameinama, mwakeye, mwakeye, wakiulizana habari za kila aliyeko nyumbani. Mimi nilisimama katikati yao na shikamoo yangu moja, nimeshaimaliza.

Mganga Mfawidhi, ndiye mkuu wa zahanati, alikuwa mzee wa Tabora, mwenye koti jeupe lililogeuka rangi ya chai. Alinionyesha vifaa: mizani ya kuning'iniza watoto kwenye boriti, kile kidude cha mbao kama tarumbeta ndogo, unachokiweka tumboni mwa mjamzito na kutega sikio usikie moyo wa mtoto, kabati la vidonge vya majira, maana ndivyo tulivyoviita vidonge vya kupanga uzazi. Mwisho akanikabidhi bango kitita. Hizo ni kurasa kubwa za picha zilizofungwa pamoja upande wa juu. Unazifunua moja moja mbele ya watu, huku ukisoma maelezo yaliyoandikwa nyuma yake.

"Nianze leo, Mganga?" nilimuuliza, nikitumaini atasema kesho.

"Ukingoja uwe tayari, Sista, utastaafu."

Nimestaafu kweli, na siikumbuki siku hata moja niliyokuwa tayari.

Niliwakusanya wote kwenye mabenchi ya barazani: waliokuja kupima watoto, wajawazito, wazee waliosindikiza. Chuoni tulifundishwa kwamba elimu ya afya hutolewa kwa wote waliopo, kabla ya huduma. Nikafunua ukurasa wenye mchoro wa viungo vya uzazi vya mwanamke, nikaanza kuvitaja kimoja kimoja nikivionyesha kwa fimbo.

Mwanamke mmoja alijifunika kitenge kichwani mpaka machoni. Mwingine akageukia ukuta. Kisha bibi mmoja mrefu, mkavu, akainuka, akapiga makofi mawili ya kuaga kama mtu anayetoka ugenini, akaenda zake. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja. Watoto wao waliondoka bila kupimwa uzito.

Mganga Mfawidhi alikuwa akitazama dirishani.

"Unajua umefanya nini? Yule aliyejifunika alikuwa amekaa na mama mkwe wake. Yule aliyegeukia ukuta alikuwa na binti yake. Umewavua watu nguo mbele ya wakwe zao, Sista."

"Lakini kitabu kinasema..."

"Kitabu kiliandikwa na mtu asiye na mama mkwe."

Majuma matatu hakuna aliyekuja kuniuliza lolote. Walileta watoto kwa chanjo, wakajibu nilichouliza, wakaondoka. Nyumba ya watumishi ilikuwa na vyumba viwili, na mimi nilitumia kimoja tu, kana kwamba cha pili kina mwenyewe. Jioni upepo wa ziwa ulileta harufu ya dagaa waliokuwa wakianikwa mchangani, na sauti za watu wakicheka, na kila kicheko nilidhani ni cha kunicheka mimi. Nilikuwa na kaunta buku niliyoandika humo maswali: Nimsalimie nani kwanza? Nilisimama vibaya? Je, wangebaki kama ningeuruka ukurasa ule? Kurasa nne za mwisho za maswali yale nilizigeuza kuwa barua ya kuomba uhamisho wa kurudi Ruvuma, nikaipeleka kwa Mratibu wa wilaya.

Ni Mganga aliyenituma kwa yule bibi aliyeondoka wa kwanza. Aliitwa Bibi Yoranda. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake akichemsha chikichi za mawese kwenye pipa.

"Umeniletea picha nyingine?"

"Nimekuja kuomba radhi, Bibi."

"Picha yako haikuwa mbaya. Ilikosa mtu tu." Alikoroga pipa. "Ulichora viungo, mwenye viungo hukumchora. Nikajiuliza, huyu mama wa pichani yuko wapi? Kaenda sokoni, kaviacha hivi?"

Nilicheka, ikawa mara ya kwanza tangu nifike. Akanisogezea kigoda.

Ndipo akanieleza kuhusu masenge. Masenge ni shangazi, dada wa baba. Mama, alisema, anakulisha, masenge anakwambia. Mama hawezi kumwambia binti yake mambo ya chumbani, na mama mkwe ndiyo kabisa, hata kuyasikia hasikii. Binti akiposwa hupelekwa kwa masenge wake, na mafundisho ni nusu mbili. Nusu ya kwanza hutolewa mapema na ni ya 'ego', maana yake ndiyo: jinsi ya kumpokea mume, kumheshimu, kutomkimbia. Nusu ya pili hutolewa siku ya mwisho, binti akiwa tayari kutoka, nayo ni ya 'oya', yaani hapana: jinsi ya kukataa bila kuvunja nyumba, jinsi ya kumwambia mume ngoja, na jinsi ya kutaka mwenyewe bila kungoja kuulizwa.

Alinieleza mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mimi, mkunga niliyesomea, masikio yaliniwaka moto, na yeye akaendelea kukoroga pipa lake kana kwamba tunazungumzia mvua. Nilikuwa nimekuja na imani kwamba wazee ni watu wa kuficha na vijana ni watu wa uwazi, na kazi yangu ni kuwafungua. Siku ile niliona kwamba kati yetu aliyefungwa ni mimi.

"Na Mama Filipo?" niliuliza. Huyo, jina lake Skolastika, alikuwa mke wa mwanawe, katekista wa nyumba ya jirani, na alikuwa akitazama chini kila nikimsalimu.

"Skolastika alilelewa misheni. Shangazi zake waliambiwa mafundisho yetu ni upagani, wakanyamaza. Akaolewa na sala tu." Akaupandisha moto. "Ana watoto tisa. Sijawahi kusikia kicheko kutoka chumba kile. Hata cha bahati mbaya."

Baada ya hapo nilibadili utaratibu. Niligawa siku za elimu kwa kufuata nani anaweza kusikia pamoja na nani: wakwe siku yao, wake wa wana wao siku yao, mabinti siku yao. Hakuna mwongozo uliosema hivyo. Rejista ilianza kujaa taratibu, na bado jioni nilikula peke yangu.

Miaka ile watu wa Burundi walikuwa wakivuka, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi, na vijiji vya mwambao viliwapokea kabla malori hayajaja kuwachukua kambini. Lugha zinasikilizana, na wengine walikuwa na ndugu. Evelina hakuwa na ndugu. Alikuja na majirani, akiwa na miaka ishirini, akakaa kwa katekista akisaidia shamba, na baada ya mavuno Filipo, kijana mkubwa wa nyumba ile, mvuvi mpole, akamuoa. Kila mtu alisema amepata bahati. Mgeni aliyeolewa kijijini, mwenyekiti wa kijiji alimwandika abaki. Asiye na mwenyeji alipanda lori.

Mwezi wa pili wa ndoa yake alianza kuja zahanati. Leo kichwa, kesho mgongo, keshokutwa tumbo. Nilimpima damu, joto na mkojo, sikupata kitu. Mganga alisema nimpe aspirini. Nilimpa, naye akabaki amekaa kwenye benchi langu mpaka tunafunga, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Chuoni tulifundishwa unasihi, yaani kumsaidia mtu kuzungumza mwenyewe mpaka aone njia yake. Mnasihi haelekezi, mnasihi hahukumu, mnasihi hunyamaza akingoja. Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Majuma mawili tulikaa hivyo, wanawake wawili wasio na mtu wao pale, mmoja akingoja kuulizwa na mwingine akiogopa kuuliza. Niliandika kwenye kaunta buku: Nikimuuliza, nitakuwa nimemwelekeza? Nisipomuuliza, nitakuwa nimemtupa?

Kisha Mama Filipo alikuja zahanati mwenyewe. Hakukaa.

"Sista, mgonjwa wako anakimbia chumba. Mara tatu tumemkuta amelala jikoni. Filipo anaona aibu kuingia nyumbani. Mke anayekimbia chumba si mke. Lori la kambini linakuja Alhamisi, nimeshamwambia mwenyekiti aandike jina lake."

"Umemuuliza kwa nini anakimbia, mama?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Mimi? Nimuulize mke wa mwanangu?"

Alipoondoka nilimwita Evelina kutoka kwenye benchi, nikafunga mlango, nikasahau unasihi wote. "Evelina, Alhamisi ni keshokutwa. Kuna nini?"

Alizungumza akitazama miguu yake. Masenge wake, kwao, alikuwa ameanza kumfundisha, maana alikuwa ameposwa huko kabla ya vita. Akamwambia mume hakataliwi. Akamwambia hata ukiumia, nyamaza. Hata ukichoka. Akamwambia mengine nitakwambia siku ya mwisho. Siku ya mwisho haikufika. Milio ya bunduki ilianza, wakakimbia huku na huku, na masenge hakumwona tena.

"Filipo si mbaya," alisema. "Ila naumia, Sista. Na kusema hapana sijui inasemwaje. Kwa hiyo nakimbia."

Nilielewa. Alikuwa amepewa nusu ya kwanza tu. Hakuwa na 'oya', miguu ndiyo ilikuwa 'oya' yake.

Nilimchunguza. Palikuwa na mchubuko na maambukizi ya kawaida, nikampa dawa ya siku saba. Hilo lilikuwa ndani ya kazi yangu. Hilo lingine halikuwemo. Nikaenda kwa Bibi Yoranda karibu nikikimbia.

"Mfundishe wewe, Bibi. Nusu ya pili unaijua."

"Mimi ni bibi wa mume wake. Nikimwambia neno moja la chumbani, nimemvua mjukuu wangu nguo. Mtafutie masenge."

"Hana mtu hapa."

"Wewe si mtu?"

"Bibi, mimi sijaolewa!"

"Mganga anayemtibu mwenye kichaa, lazima kwanza aokote makopo?" Alicheka hadi akakohoa, kisha akaacha kucheka. "Maneno nitakupa mimi. Utayabeba. Lakini sikia. Masenge si mtu wa kusema na kuondoka. Wakigombana, watakuja kwako. Akizaa, atakuja kwako. Akitaka kuachika, atakuja kwako, na wewe ndiye utakayejibu mbele ya wazee. Masenge hahamishwi kwa barua."

Barua ilifika siku ileile. Mratibu wa Afya ya Mama na Mtoto wa wilaya, mama wa Kilimanjaro mwenye sauti ya kuitia kuku, alishuka kwenye Land Rover akiipunga hewani.

"Sista! Umepata Songea. Hospitali, umeme, maji ya bomba. Gari linarudi Kigoma saa tisa, funga sanduku lako tuondoke."

Nilimwomba nusu saa. Niliingia nyumbani nikaketi juu ya sanduku. Nilikuwa nimeitaka barua ile kuliko kitu chochote. Mama yangu alikuwa Mbinga. Kule wangenisalimu kwa Kimatengo na ningejua kujibu. Kwa upande mwingine palikuwa na binti mmoja, na mimi, nisiyejua kitu. Je, nikimfundisha vibaya? Je, nikimrudisha kwa mume ambaye angemwumiza tena? Je, kambini asingekuwa salama zaidi, na mimi ninajiona mkombozi kwa sababu tu nimechoka kula peke yangu? Hilo la mwisho liliniuma, kwa kuwa lilikuwa na ukweli. Nililigeuzageuza mpaka dereva akapiga honi.

Nilitoka na barua mkononi, bila sanduku.

"Sitakwenda, Mratibu."

"Una homa?"

"Hapana."

"Wenzako wanalia machozi kuipata karatasi hii. Nikimpa mwingine, usije kwangu tena na barua yako ya kurasa nne."

"Sitakuja."

Aliitia barua kwenye mkoba wake, akasema taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia, "Una mtu hapa?" Gari likaondoka.

Ninyi wauguzi vijana mnaosoma haya mnapenda kuniuliza kama nilijuta. Nilijuta mara nyingi. Nilikaa zahanati ile miaka sita, nikahamishiwa kambini, kisha kliniki ya Buzebazeba, mjini Kigoma, hadi nilipostaafu, na sasa naishi Bangwe, nyumba yenye vyumba viwili ambavyo bado natumia kimoja. Sikuolewa. Mama yangu alifariki nikiwa zamu, na barua ya msiba ilinifikia baada ya maziko. Kazi hii inakuletea siri za watu wote, na ukirudi nyumbani huna wa kumwambia hata moja.

Vilevile msidhani kwamba zamani watu walikuwa gizani na sasa kumepambazuka. Bibi alizungumza, mkwewe akanyamazishwa, na binti akapewa nusu. Wajukuu wao walionijia Buzebazeba wana simu, wanavijua viungo vyote kwa majina, hata vile nilivyokuwa nikivisahau. Lakini bado wanangoja wenzao watoke ndipo waulize, na wanachouliza ni kilekile: nikisema hapana, atanipenda? Hakuna ukurasa wa bango kitita wenye jibu hilo.

Lakini Jumatano ile nilikuwa sijajua lolote kati ya hayo. Asubuhi Bibi Yoranda alinikalisha nyuma ya nyumba yake akanipa maneno, akanirudishia yale niliyokosea, akanifanya niyaseme hadi nikaacha kuona haya. Kisha nikaenda kwa katekista. Nilipiga makofi ya salamu, nikainama, nikamwambia Mama Filipo kwamba Evelina hana wa kwao, na kwa hiyo tangu leo masenge wake ni mimi, na nimekuja kuongea naye. Furushi la Evelina lilikuwa tayari mlangoni, limefungwa kwa kamba ya katani. Mama Filipo akanielekeza chumba kwa kidevu, akachukua ungo wa maharage akaketi nje kuyachambua.

Chumba kilikuwa na ukuta wa matete. Evelina alikaa mkekani nami nikakaa mbele yake, magoti yakigusana, kama nilivyoagizwa.

"Kwanza nikwambie kweli," nilisema. "Haya si yangu. Mimi nimeyabeba tu. Ukiniuliza zaidi ya niliyopewa, nitakwenda kuuliza nirudi."

"Ego, masenge," alisema. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Nikaanza. Kwamba ukiumia husemi na moyo, unasema na mdomo, na mume asikie. Kwamba mwanamke ana siku zake za 'oya' na hatoi sababu. Kwamba mume akija na haraka, mwambie akuletee maji ya kunawa. Akirudi na maji, haraka imepungua, na asiporudi, ulale. Evelina alitoa kicheko kidogo kwa hilo, akakiziba kwa kiganja. Kwamba ukitaka wewe, husubiri kuulizwa, wala si dhambi.

Hapo nikagundua kwamba nje maharage hayaanguki tena.

Mama Filipo alikuwa upande wa pili wa matete, karibu kiasi kwamba niliona rangi ya kitenge chake. Mama mkwe, kwa desturi, akisikia maneno ya namna ile hukohoa, akainuka na kwenda mbali. Mama Filipo hakukohoa. Mawazo yakanijia yote kwa pamoja, kama kawaida yangu. Nikiendelea, nimewavua nguo tena. Nikinong'ona, Evelina atapata nusu yake, na huyu wa nje, mwenye watoto tisa, ataondoka na sauti isiyo na maneno, kisha kesho atampandisha mwenzake lori kwa kosa ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba si kosa. Nikinyamaza, sote watatu tutabaki kama tulivyokuwa.

Evelina naye alikuwa amekiona kile kitenge nyuma ya matete. Alinitazama akingoja.

Nje, Mama Filipo akaita, sauti imekwaruza kidogo: "Filipo! Nenda kwa mwenyekiti. Mwambie jina la mke wako alifute." Tukasikia miguu ya Filipo ikipita uani. Kisha, kwa sauti ya chini, bila kututazama, kama mtu anayesema na ungo wake:

"Sista. Hapo pa maji ya kunawa sikusikia vizuri."

Nikageuza mkeka uelekee ukutani, nikapaza sauti, nikarudia tangu mwanzo.